Nilimdanganya mama mkwe kwa samaki wa kwenye gemu, sasa anafunga mizigo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, ila kabla hujaendelea kusoma niahidi kwamba hutacheka, maana jambo lenyewe lina samaki ndani yake, na si samaki wa sokoni, ni samaki wa kwenye gemu, na mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nashona mapazia, nina akili zangu timamu, na siku ya nne leo sijala vizuri kwa sababu ya huyo samaki na mama mkwe wangu.

Nianzie mwanzo ili unielewe. Mama mkwe alipata kiharusi mwaka jana, Mungu akamnusuru lakini mkono wa kulia ukalegea, na kwa kuwa wifi yangu ndiyo kwanza alikuwa amejifungua, ikaamuliwa mama aje kwetu. Ikaamuliwa, nasema, kwa sababu mimi sikuulizwa. Mume wangu ni dereva wa lori, akitoka anaweza kukaa siku kumi njiani, kwa hiyo huyo mama hakuja kwa mwanawe, alikuja kwangu, na sisi wawili tangu siku ya posa tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Alifanya kazi kwenye ghala la nafaka miaka ishirini na tisa, mpima magunia, mtu ambaye akilisukuma gunia kwa goti anakwambia hili lina mawe, na macho yale yale ya mizani akaja nayo nyumbani kwangu. Sabuni naimaliza haraka, redio naifungulia sana, mlango naubamiza. Siku moja nimemaliza pazia la mteja, kazi ya siku tatu, akalitazama kutoka kwenye kiti chake akasema, "Pindo limepinda." Nililifumua lote, mshauri, nikalishona upya huku machozi yananitoka, na nilipomaliza akasema afadhali.

Hospitali walimpa mpira mdogo wa kuminyaminya ili vidole virudi, akautupa chini ya kitanda. "Mimi si mtoto," akasema. Yule bwana wa mazoezi ya viungo alinivuta pembeni akaniambia vidole vikikaa hivyo miezi mitatu mingine tusitegemee vitarudi, na mimi nikirudi nyumbani nikimwambia mama tufanye mazoezi ananiuliza tangu lini fundi cherehani amekuwa daktari. Nikawa namwachia, na ukweli ni kwamba kuna siku nilimwachia kwa hasira.

Sasa samaki. Mume wangu ana gemu ya kupigana tangu hajanioa, ile ambayo wapiganaji wametolewa kwenye gemu nyingine nyingi, kila mtu na kwao, wamekusanywa uwanja mmoja wapigane, roboti anamrusha mpishi, mpishi anamgonga malkia na sufuria, fujo tupu. Katikati ya fujo linadondoka tufe kutoka juu, ukiliwahi ukalirusha anatoka msaidizi wa kukupigania, na wasaidizi wapo kama thelathini, mmoja anatema moto, mwingine anatetemesha ardhi. Na mmoja ni samaki. Samaki wa manjano, mnene, macho makubwa, akitoka anadundadunda pale chini sekunde kadhaa, hamgusi mtu, kisha anaondoka zake. Wachezaji wanamchukia kwa sababu ukimpata yeye umekula hasara.

Siku moja mume wangu alikuwa nyumbani anacheza, mama kakaa nyuma yake kanuna, samaki akatoka. Mama akauliza, "Huyo naye anafanya nini?"

"Hafanyi kitu mama. Anarukaruka tu, anaondoka."

"Sasa wanamwita wa nini?"

"Hawamwiti, anatokea mwenyewe. Yumo tangu gemu ya kwanza. Kila wakitoa toleo jipya kuna wapiganaji wanaachwa, yeye haachwi."

"Na hajawahi kupiga mtu?"

"Hata mara moja."

Mama akasema, "Basi huyo anajua kuishi na watu." Na akacheka, mshauri, tangu aingie nyumbani kwangu sikuwahi kuyaona meno yake, akacheka mpaka akashika ubavu. Samaki alipotoka tena mume wangu akaendelea kumtwanga adui yake, mama akamchapa begani kwa ule mkono mzima, akamwambia, "Acha kupigana, huoni mgeni ameingia? Watu hawagombani mbele ya mgeni."

Hiyo ndiyo ikawa sheria ya nyumba yetu. Samaki akitoka, wote mnaweka padi, vile vidude vya vitufe vya kuchezea, mapajani, mnatulia, mnamngoja mgeni mpaka aondoke ndipo mnaendelea kupigana. Mume wangu aliporudi barabarani mama akaniambia nikae mimi, nami sijawahi kushika padi maishani mwangu, tukawa wawili hatujui kitu, tunagongana ukutani, tunaanguka wenyewe bila kupigwa. Na padi haishikiki kwa mkono mmoja. Ilibidi ule mkono wa kulia ushike, na dole gumba libonyeze, na mtu aliyekataa kuminya mpira akawa anabonyeza kitufe cha kurusha tufe mara mia kwa alasiri moja kwa sababu anamtafuta samaki wake.

Lakini samaki alikuwa adimu. Mmoja kati ya thelathini, hesabu mwenyewe. Kuna siku tulicheza tangu saa tisa mpaka jua linazama, hakutoka hata mara moja, mama akaiweka padi mezani, akasema, "Hata yeye amenichoka," na kesho yake akakataa kuishika. Na kesho kutwa. Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Mama akiwa bafuni niliingia kwenye mipangilio ya gemu, nikakuta orodha ya wasaidizi ambamo unaweza kuwazima usiowataka, nikawazima wote, nikabakiza samaki na kobe mmoja anayetema moto, ili isionekane sana. Nilifanya kwa kumwonea huruma, na nilifanya pia ili aache kuninunia, sitaki kukudanganya na wewe.

Kuanzia siku hiyo samaki akawa anatoka kila baada ya tufe moja au mawili. Na mama akaamini samaki anamjia yeye. Akawaambia majirani, akamwambia yule bwana wa hospitali, ambaye alimkunjua vidole, akashangaa, akaniangalia, mimi nikaangalia dari. Kila mgeni alipoingia tuliweka padi chini, tukawa hatuna la kufanya ila kuongea. Sekunde chache, lakini zikijumlishwa kwa miezi saba ni maneno mengi. Aliniuliza kama nalala vizuri. Nilimwambia jinsi mama yangu mzazi alivyofariki, jambo ambalo hata mume wangu nilimwambia nusu. Siku moja samaki anadundadunda mama akasema bila kunitazama, "Lile pindo halikuwa limepinda. Nilikuwa na uchungu na mkono wangu, nikaona wako unafanya kazi." Samaki akaondoka, hakuna aliyeshika padi, roboti na mpishi wamesimama tu wanatungoja.

Leo mama anafunga vifungo vya gauni mwenyewe. Mwezi uliopita alinipigia pindo la pazia zima kwa mkono, na niliposhukuru akaniambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," huku anaonyesha runinga kwa kidevu. Mshauri, mimi namshukuru Mungu, namshukuru yule bwana wa hospitali, na usinione mwendawazimu, namshukuru na huyo samaki, na aliyeamua kumwacha ndani kila toleo ingawa hana faida. Saa kumi ikifika mguu wangu unatoka wenyewe kwenye cherehani hata kama kazi ya mteja haijaisha.

Sasa Jumapili iliyopita mume wangu karudi, kataka kucheza na mama, maana miezi yote hii akirudi alikuwa analala tu, kaona matufe yanatoa samaki na kobe, samaki na kobe, akaingia kwenye mipangilio. Akauliza kwa sauti, "Nani kawazima wasaidizi wote humu?" Mama yupo pale pale. Mimi nikasema, "Sijui." Mume wangu akasema haiwezekani, hii haijizimi yenyewe, nikarudia, "Sijui, labda umeme ulikatika." Mama alinitazama muda mrefu. Akaiweka padi juu ya meza taratibu kwa ule mkono wake wa kulia, akaingia chumbani, na jioni akamwambia mwanawe amkatie tiketi, anakwenda kwa wifi yangu, amekaa vya kutosha, Jumamosi ya wiki ijayo anaondoka. Tangu hapo ananiita "mkwe wangu" kama mtu anayesaini barua, wakati siku zote hizi alikuwa ananiita mwanangu.

Nifanye nini? Nikimwambia ukweli atajua kwamba miezi saba nilikuwa namchezea shere, na yeye alikuwa anatangaza mtaa mzima. Nikinyamaza ataondoka akiwa na lake moyoni, na kwa wifi wana toleo jipya la gemu hiyo hiyo, atacheza, samaki hatamtokea, na atajua tu. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya gemu yatapita. Mimi naona nyumba inanizidi ukubwa kabla hata hajaondoka.

Ni mimi,
Mshona Mapazia

MSHAURI ANAJIBU

Mshona Mapazia, ahadi ya kutocheka nimeshindwa kuitimiza, nisamehe. Nimecheka kwa mpishi na sufuria, nikacheka kwa kobe uliyembakiza ili isionekane sana. Nilipofika kwenye pindo ambalo halikuwa limepinda nikavua miwani, nikaifuta, nikaanza barua yako upya.

Kwanza pokea pongezi zako. Mkono uliokuwa unakufa umefufuka sebuleni kwako, na waliokuwepo kuufufua ni wewe, mama mwenyewe, na samaki asiye na kazi. Nyumba nyingi zina mgonjwa, lakini mgonjwa na anayemuuguza huishia kuchukiana kimya kimya mpaka mmoja wao atolewe ndani ya jeneza. Ninyi mmeishia kuambizana siri. Shukuru, na usione haya kumshukuru hata samaki. Mimi pia nimempenda, na gemu sijui hata inawashwa wapi.

Baada ya pongezi, sasa nikuseme. Kuwazima hao wasaidizi si dhambi iliyokuponza. Ulimwona mtu amekata tamaa ukamfungulia njia, na nani kati yetu hajawahi kumwambia mgonjwa leo umependeza? Kilichokuponza ni lile neno "sijui". Ulilisema mara mbili, tena mbele ya mwanawe, tena ukausingizia umeme. Mwanamke mwenye moyo wa kuketi na mama mkwe kila alasiri kwa miezi saba, unashindwaje kusema "ni mimi" mbele ya mume wako mwenyewe? Ulimwogopa nani hapo?

Tena hebu tuulizane kitu, wewe na mimi. Huyo mama amepima magunia miaka ishirini na tisa. Anajua lenye mawe kwa kulisukuma na goti. Samaki aliyekuwa hatokei jua zima, ghafla anatoka kila baada ya tufe moja au mawili, siku mbili baada ya yeye kununa, na wewe unaamini hakushtuka? Sina uhakika, mimi simjui, wewe ndiye unayemjua. Lakini ningekuwa wewe nisingeweka nadhiri kwamba hajui. Kuna watu wanaogundua jambo jema lililofanywa kwa siri wakalinyamazia ili aliyelifanya asione haya. Wanawatangazia na majirani, maana hiyo ndiyo shukrani pekee wanayoweza kuitoa bila kumtaja mtu.

Kama nimekosea na hakujua, basi amejua Jumapili. Kwa vyovyote, unadhani alichokisikia ni nini uliposema hujui? Wewe unadhani alisikia, "Huyu kanidanganya." Mimi nadhani alisikia kitu kinachouma zaidi. Alisikia kwamba unaona haya kwa miezi saba mliyokaa pamoja. Kwamba yale maongezi ya padi zikiwa mapajani yalikuwa dawa unamnywesha kwa ujanja, kama anavyofichiwa mtoto kidonge kwenye asali, na kwamba sasa mkono umepona kazi yako imekwisha. Mgonjwa akipona anatoka wodini, hakuna anayemwambia abaki. Ndiyo maana amekata tiketi. Soma alivyosema: amekaa vya kutosha. Hakusema umemkosea. Amejiona mzigo, na mpima magunia akijiona mzigo atajibeba mwenyewe atoke.

Kwa hiyo swali lako la nimwambie au ninyamaze ni swali dogo, na sidhani ndilo lililokukosesha chakula. Samaki unamtumia kama kisingizio. Unataka huyo mama asiondoke, na hujui jinsi ya kumwomba, maana nyumbani kwenu hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake kitu. Alipokuja hukuulizwa wewe, na nakuhakikishia hata yeye hakuulizwa, mlipangwa na kikao kama viti. Mwaka umepita, mmezoeana, mmependana, na bado hakuna aliyemwambia huyo mama karibu. Hebu fikiria hilo kidogo.

Sasa nisikilize. Usimtume mume wako. Ni mtu mwema lakini atakwenda kusema "mama, mke wangu anasikitika," na sentensi hiyo itaua kila kitu. Usiwashe gemu pia, ukidhani mtaongea samaki akitokea. Safari hii hakuna wa kuwasimamishia ugomvi, mnasimamisha wenyewe. Nenda chumbani kwake, kaa kitandani, si mlangoni, watu wakisimama mlangoni huwa wanawaza namna ya kutoka. Anza na lile la Jumapili: nilisema sijui, nilikuwa najua, ni mimi niliyezima. Ishia hapo hapo kwanza. Usiweke "lakini". Acha akasirike kama anataka kukasirika, ana haki, na wewe umefumua mapazia makubwa kuliko hilo.

Akimaliza, mweleze kwa nini ulifanya, na useme na ile nusu isiyopendeza, kwamba ulitaka pia aache kununa. Usijipake mafuta. Alikuungamia kuhusu pindo bila kujitetea, nawe mlipe kwa kipimo hicho hicho. Kisha mwambie hili ambalo umeniambia mimi na yeye hajalisikia: kwamba saa kumi ikifika mguu unatoka wenyewe kwenye cherehani. Kwamba hukuwa unamuuguza wakati ule, ulikuwa unamngojea. Mama mkwe wako anajua uzito wa kila kitu, lakini hili hawezi kulipima kama hujaliweka juu ya mizani.

Ndipo umwombe abaki. Kwa maneno hayo hayo, "naomba ubaki," si "kama utapenda," si "mwanao atafurahi." Wewe ndiye unayeomba. Na umwombe ukijua kwamba anaweza kukataa. Wifi yako naye ni mtoto wake, ana mtoto mdogo ambaye bibi yake hajawahi kumbeba kwa mikono miwili, na sasa mikono miwili anayo. Huenda anataka kwenda kwa sababu njema kabisa. Kumpenda mtu si kumfungia mlango.

Mume wako naye namwambia neno moja, najua atasoma hapa: bwana dereva, hayo si mambo ya gemu, na hayatapita yenyewe. Jumamosi uwepo.

Gazeti hili linatoka Alhamisi, basi lake ni Jumamosi, kwa hiyo una siku mbili na huna muda wa kuniandikia tena. Weka mkasi chini, mteja atapata mapazia yake wiki ijayo, hajafa mtu kwa kulala na dirisha tupu. Akikubali kubaki, nitafurahi hata nisipojua. Akikataa, mbebee begi mpaka kituoni, mkumbatie mbele za watu mpaka kondakta aanze kulalamika, na kabla mwezi haujaisha, bila sababu yoyote, panda basi hilo hilo umfuate.